SIFA ZA KILA SIKU NYUMBANI: JE, NI UNAFIKI MOYO UKIWA MKAVU?



Majilio yamefika tena. Jumapili ya kwanza huwa ni ile iliyo karibu zaidi na Sikukuu ya Mtakatifu Andrea, tarehe 30 Novemba. Na tangu siku hiyo hadi mkesha wa Kuzaliwa kwa Bwana tunapewa siku zisizopungua 22 wala kuzidi 28. Si siku nyingi, lakini zatosha kwa jambo tunalohimizana kila mwaka: kwamba kila nyumba ya Mkristo, iwe ya watu kumi au ya bibi mmoja peke yake, iwe na saa yake ya kumsifu Mungu, kusoma fungu la Maandiko, na kukaa kimya kutafakari.

Tunajua pia mambo yanavyokwenda. Jumapili ya kwanza na Jumatatu yake nyumba nyingi huanza kwa bidii. Watoto huitwa, Biblia hushushwa kutoka rafuni, wimbo huimbwa. Kufika juma la pili sauti zimepungua. Kufika juma la tatu zimebaki nyumba za kuhesabika. Tukiulizana sababu tunataja shughuli: palizi ya vuli, watoto kufunga shule, nguo za sikukuu, safari ya kwenda kwa wazazi. Sababu hizo ni za kweli. Lakini iko nyingine, ambayo husemwa kwa sauti ya chini nje ya kanisa baada ya ibada, nayo ndiyo tunayotaka kuitafakari pamoja safari hii.

Mtu husema hivi: "Nikisali pale nyumbani naona ninasema maneno tu. Moyo haumo. Je, si afadhali ninyamaze kuliko kumdanganya Mungu?"

Swali hili si la mtu mvivu. Mvivu haulizi, huacha tu. Anayeuliza hivi anamheshimu Mungu kiasi cha kuogopa kumletea kitu kibovu. Na swali huwa zito zaidi katika nyumba fulani. Tuifikirie nyumba ya mama aliyezika mtoto mwezi wa Oktoba, na mwezi wa Desemba anaambiwa awakusanye waliobaki waimbe. Tuifikirie nyumba ya baba ambaye mshahara wake haujalipwa kwa miezi mitatu, naye kila jioni hana budi kuongoza sala ya kushukuru kwa ajili ya riziki. Tuifikirie nyumba ambamo mume na mke wameshinda siku nne hawasemezani, ila kwa kupitia watoto. Je, watu hawa waimbe? Wakiimba, wanasema kweli au wanasema uongo?

Tusijibu upesi. Nabii Isaya, katika sura ya 29, aliwakemea watu waliomheshimu Mungu kwa midomo huku mioyo yao iko mbali, na Bwana wetu mwenyewe aliyarudia makemeo hayo, kama tusomavyo katika Mathayo 15. Kwa hiyo anayeogopa maneno matupu ana Maandiko upande wake. Haitoshi kumwambia, "Wewe imba tu, moyo utakuja nyuma." Pengine usije. Yatupasa kuuliza kwanza sifa ni kitu gani, ndipo tutakapojua ni lini zinageuka kuwa uongo.

SALAMU ZA ASUBUHI

Tuanze na jambo tunalolifanya kila siku bila kulifikiri. Mtoto akiamka humwendea babu yake na kusema, "Shikamoo, babu." Babu hujibu, "Marahaba, mjukuu wangu." Sasa tuseme mtoto huyo jana alikemewa, naye ameamka na kinyongo. Bado anaamkia. Je, ni mnafiki? Hakuna mzee katika nchi yetu atakayesema hivyo. Bali asipoamkia ndipo watu huulizana kuna nini. Kwa maana shikamoo si taarifa ya hali ya moyo wa mtoto asubuhi ile. Ni kukiri jambo lililo kweli siku zote: kwamba huyu ni babu na huyu ni mjukuu, na kwamba mmoja alikuwapo kabla ya mwingine. Kinyongo cha mtoto hakibadilishi ukweli huo, wala hakimwondolei babu haki yake.

Tena tukiulizwa, "Hujambo?" hata aliyekesha na homa hujibu kwanza, "Sijambo," kisha akaongeza, "ila usiku sikulala, homa ilinishika." Mgeni asiyezijua desturi zetu aweza kudhani tunadanganya. Sisi twajua sivyo. Neno la kwanza linathibitisha kwamba tungali watu wa kusalimiana. Neno la pili linaeleza shida. Na shida huelezwa vizuri zaidi kwa mtu ambaye tumekwisha kusalimiana naye.

Sifa kwa Mungu zina asili hiyo. Tunapomsifu asubuhi hatumpi taarifa ya namna tunavyojisikia. Hilo analijua kabla hatujafumbua macho. Tunakiri yaliyo kweli juu yake: kwamba ndiye aliyetuumba, kwamba alimtuma Mwanawe, kwamba atakuja kuhukumu. Mambo hayo hayaongezeki siku tunapofurahi wala hayapungui siku tunapolia. Kwa hiyo mtu mwenye moyo mkavu akisema kwamba Mungu ni mwema, hasemi uongo. Anasema kweli ambayo siku hiyo haioni.

Wala kukiri huko hakumnyimi mtu nafasi ya kulia. Katika Zaburi ipo moja, ya 88, ambayo huanza kwa kumwita Mungu kuwa ni Mungu wa wokovu, kisha ikaendelea kueleza taabu, kaburi na upweke, ikaishia gizani bila neno la faraja. Ni kama ile salamu yetu: sijambo kwanza, kisha homa, na homa haikupona hadi mwisho wa mazungumzo. Kanisa halikuiondoa zaburi hiyo. Kwa mpango wa Kitabu cha Sala cha mwaka 1662, ambao huzigawa Zaburi zote 150 kwa siku za mwezi, inaangukia asubuhi ya tarehe 17. Maana yake ni kwamba kila mwaka, siku nane tu kabla ya Kuzaliwa kwa Bwana, Kanisa linaliweka giza lile kinywani mwa waumini wote, hata wale ambao nyumbani kwao kuna furaha. Yule mama aliyezika, asubuhi hiyo, haimbi peke yake.

MOYO MKAVU NA MOYO MGUMU

Hapo mtu aweza kusema: "Ikiwa ni hivyo, basi hakuna unafiki tena. Kila mtu aseme maneno yake ya kila siku, yatosha." La hasha. Isaya hakuota, wala Bwana wetu hakukosea. Unafiki upo, na hukaa hasa katika nyumba zenye sala. Lakini yafaa tutofautishe mambo mawili ambayo huchanganywa mara nyingi: moyo mkavu na moyo mgumu.

Moyo mkavu ni kama shamba ambalo mvua imechelewa. Limelimwa, limepandwa, lakini halijaota. Mwenye moyo huo hasikii utamu wa sala. Anachoka, anasahau, mawazo yanakwenda sokoni katikati ya Baba Yetu. Hilo si dhambi ya unafiki. Mkulima hakosi kuwa mkulima kwa sababu wingu halijafika.

Moyo mgumu ni kitu kingine. Ni ule unaosikia maneno ukayaelewa vizuri, lakini umekwisha kukata shauri kwamba hayatagusa kitu chochote chake. Ndio ambao nabii Amosi aliukuta. Katika sura ya 5 anasema kwamba Mungu amezichukia sikukuu za watu wake na hataki kusikia kelele za nyimbo zao. Hakulalamika kwamba waimbaji walikuwa baridi. Huenda waliimba kwa nguvu sana. Alilalamika kwamba maskini alikanyagwa, mwenye haki akanyimwa hukumu langoni, na katika sura ya 8, kwamba wafanya biashara walipunguza vipimo na kuongeza bei, huku wakingoja kwa hamu sabato ipite ili waendelee.

Tuliweke jambo hili katika nyumba zetu. Jioni ya Majilio familia imeketi sebuleni, inaimba Wimbo wa Mariamu, ambao ndani yake wanyonge wanainuliwa na wenye njaa wanashibishwa. Wakati huohuo msichana wa kazi yuko uani anaosha vyombo. Hakuitwa kwenye sala, na mshahara wake wa miezi miwili haujalipwa. Katika nyumba hiyo baba aweza kuimba kwa machozi ya furaha. Bado wimbo wake ni uongo. Si kwa sababu moyo hauna joto, bali kwa sababu maneno yamefungiwa mlango. Na katika nyumba ya jirani, mtu mwingine anaimba wimbo uleule huku anasinzia kwa uchovu, lakini kesho yake asubuhi, kwa ajili ya maneno hayo, anakwenda kulipa deni la watu. Yule aliyesinzia ndiye aliyesifu.

Basi mnafiki si mtu anayesema maneno makubwa kuliko moyo wake. Kama ingekuwa hivyo, nani angeweza kufungua kinywa? Maneno ya sala ni makubwa kuliko mioyo yetu yote. Mnafiki ni yule anayeyasema na kukataa yamhukumu.

Kwa sababu hiyo wale mume na mke wasiosemezana hatuwezi kuwaambia tu waimbe. Bwana wetu ametoa amri iliyo wazi katika Mathayo 5: aliye na sadaka mkononi akikumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka, aende apatane naye kwanza, kisha arudi aitoe. Twapaswa kuliangalia neno hilo la mwisho. Hakusema aiache sadaka aende zake moja kwa moja. Alisema arudi. Ugomvi si ruhusa ya kuacha sala. Ni sababu ya kuharakisha upatanisho ili sala iendelee. Na ile saa ya sala, ikifika kila jioni bila kukosa, huwa inawauliza swali ambalo hakuna jirani awezaye kuwauliza: je, leo pia? Nyumba isiyo na saa ya sala yaweza kununa mwezi mzima, na hakuna kitu kitakachoisumbua.

NYIMBO MBILI ZILIZOIMBWA NYUMBANI

Wako wanaodhani kwamba sifa za kweli ni za kanisani, zenye padre na kwaya, na kwamba za nyumbani ni mabaki tu. Tukisoma Injili ya Luka tutaona mambo si hivyo. Katika Sala ya Asubuhi na ya Jioni tunazo nyimbo tatu za Injili: Wimbo wa Zakaria, Wimbo wa Mariamu, na Wimbo wa Simeoni. Ni wa Simeoni peke yake uliosemwa Hekaluni. Wa Mariamu ulisemwa nyumbani kwa Zakaria, katika nchi ya vilima, mbele ya mwanamke mmoja mzee. Wa Zakaria ulisemwa siku ya nane, wakati majirani na jamaa walipokusanyika kwa tohara ya mtoto na kumpa jina. Yaani, katika nyimbo tatu ambazo Kanisa limezisema kwa karne nyingi, mbili zilitoka katika nyumba na jamaa.

Habari za Zakaria zatufaa zaidi kwa swali letu. Alikuwa kuhani wa zamu ya Abiya, na siku ile kura ilimwangukia aingie kufukiza uvumba. Kazi hiyo haikutokana na msukumo wa moyo wake, ilikuwa zamu. Malaika alimkuta kwenye zamu. Tena moyo wake ulikuwa mkavu hasa: aliambiwa kwamba sala yake imesikiwa, akashindwa kuamini. Akawa bubu mpaka mtoto alipopewa jina. Miezi hiyo yote nyumba yake ilikuwa ya mzee asiyeweza kusema na mwanamke mwenye mimba ya uzeeni, kisha akaja msichana wa Nazareti, akaimba ndani ya nyumba hiyohiyo, akakaa kama miezi mitatu. Zakaria hakuweza kuitikia kwa kinywa. Lakini alipoandika kwenye kibao jina la Yohana, kama alivyoagizwa, ulimi ukafunguliwa, na neno lake la kwanza likawa sifa. Utii wa mkono ulitangulia wimbo wa kinywa.

Tunaloliona hapa ni kwamba Mungu hakungoja moyo wa Zakaria uwe na joto ndipo amwendee. Alimwendea mahali alipokuwa amezoea kusimama. Watu husema mazoea yana taabu, na ni kweli kwamba mazoea yaweza kutulaza usingizi. Lakini mazoea pia ndiyo yanayotukuta tukiwa mahali petu. Danieli, katika sura ya 6, alipojua kwamba amri imetiwa sahihi ya kumtupa katika tundu la simba, aliingia nyumbani kwake, ambako madirisha yalikuwa wazi kuelekea Yerusalemu, akapiga magoti mara tatu kwa siku. Na Maandiko yanatuambia alifanya hivyo kwa kuwa ndivyo alivyokuwa akifanya tangu zamani. Siku ya hatari hakutafuta ujasiri mpya. Alifuata njia iliyokwisha kukanyagwa na magoti yake. Angengoja kujisikia, simba wangemkuta bado anajipima moyo.

KUSIFU KABLA YA KUONA

Majilio yana jambo moja zaidi. Sikukuu nyingine humsifu Mungu kwa yaliyokwisha kutendeka. Majilio humsifu pia kwa yasiyoonekana bado. Tunatazama nyuma, kwa mtoto wa Bethlehemu, na mbele, kwa Hakimu atakayekuja. Nasi tumesimama katikati, ambako vita havijaisha, hospitali zimejaa, na makaburi bado yanachimbwa. Kwa hiyo katika Majilio kila sifa hutangulia macho. Atakayesema, "Nitasifu nitakapoona," amechagua kuyaruka Majilio.

Wazee wa imani yetu katika pwani hii walilijua jambo hilo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba wa mwezi wa Juni 1873. Mwaka huohuo, siku ya Kuzaliwa kwa Bwana, jiwe la msingi la kanisa liliwekwa mahali pale pale palipokuwa soko, na kazi ya ujenzi ikaongozwa na Edward Steere, aliyewekwa wakfu kuwa askofu mwaka uliofuata. Ni vema tukumbuke kwamba soko lilifungwa, lakini utumwa wenyewe haukuondolewa katika sheria za Unguja mpaka mwaka 1897. Kwa muda wa miaka 24 Wakristo wa pale, na miongoni mwao walikuwamo watu waliokuwa wamefungwa minyororo, walisali mahali hapo huku jirani zao wakiwa bado mali ya watu. Je, sifa zao zilikuwa uongo? Hazikuwa uongo, kwa sababu walikiri mwisho wa jambo ambalo mwisho wake haujaonekana. Lakini zingekuwa uongo kama wangeimba ndani na kuridhika na yaliyokuwa yakitendeka nje.

Sala ya Jumapili ya kwanza ya Majilio inafundisha hayo hayo. Ilitungwa kwa Kitabu cha Sala cha kwanza cha Kiingereza, cha mwaka 1549, ambacho Askofu Mkuu Thomas Cranmer alikiongoza. Inachukua maneno ya Mtume Paulo katika Warumi 13, juu ya kuvua matendo ya giza na kuvaa silaha za nuru, nayo huomba neema ya kufanya hivyo sasa, wakati wa maisha haya. Kitabu cha mwaka 1662 kikaagiza kwamba sala hiyo irudiwe kila siku hadi mkesha wa Sikukuu. Kila siku, maneno yaleyale. Waliotoa agizo hilo hawakutazamia kwamba siku zote hizo waumini wataamka na moyo uleule. Walijua kwamba nguo ya giza haivuliwi mara moja. Bandu bandu huisha gogo.

ASIYEWEZA KUIMBA

Je, tumwambie nini yule mama ambaye kinywa hakifunguki kabisa? Tusimlazimishe. Mkristo hasali peke yake hata anapokuwa peke yake. Ndiyo maana katika Sala ya Bwana twasema Baba yetu, si Baba yangu. Katika Marko 2 yule mwenye kupooza hakujileta kwa Yesu. Alichukuliwa na watu wanne, na Yesu akaitazama imani yao. Basi katika nyumba yenye msiba walio na sauti waimbe, na asiye na sauti aketi tu. Kuketi kwake ni sala. Kesho nao wataketi, naye ataimba kwa ajili yao. Kama nyumba nzima imenyamaza kwa huzuni, ndipo majirani wa kanisa wanapopaswa kwenda, wakasali pale, kwa ufupi, bila hotuba.

Na yule baba asiyelipwa mshahara asidhani kwamba kushukuru kwa riziki ni kusema kwamba aliyemdhulumu amefanya sawa. Amshukuru Mungu kwa unga uliopo, kisha kesho aende kudai haki yake. Mungu tunayemsifu jioni ndiye atakayemwuliza mwajiri.

NAMNA YA KUFANYA

Watu wengi wameshindwa kwa sababu walianza na mambo makubwa. Dakika kumi zatosha. Tuchague saa moja isiyobadilika, kwa mfano kabla ya chakula cha jioni, na simu ziwekwe kando. Iwashwe taa au mshumaa. Desturi ya shada la majani lenye mishumaa, ambayo imeenea makanisani, ilianza nyumbani kwa maskini: mwaka 1839 Mchungaji Johann Hinrich Wichern aliweka gurudumu lenye mishumaa katika makao ya watoto fukara aliowalea Hamburg, Ujerumani, mishumaa mikubwa kwa Jumapili na midogo kwa siku za katikati ya juma. Tusisahau ile midogo. Siku za katikati ya juma ndizo zenye kazi.

Wote walio ndani ya nyumba waitwe, pamoja na mgeni na mtumishi. Uimbwe wimbo mmoja unaojulikana kwa moyo. Isomwe zaburi moja, kisha fungu fupi. Luka sura ya 1 na ya 2, zikigawanywa vizuri, zatosha kwa Majilio yote. Msomaji awe leo baba, kesho mtoto wa darasa la nne, kesho kutwa bibi. Kisha pawe na kimya, na katika kimya hicho kila mtu ajiulize swali moja tu: neno hili likiwa kweli, kesho nifanye nini, na kwa nani? Isemwe sala ya Majilio, isemwe Sala ya Bwana, na watu wapeane amani kabla ya kuinuka. Kama kuna wawili wasioweza kupeana mikono, wakae nyuma waongee wengine wakienda mezani.

Watoto wakirudia maneno bila kuyaelewa, tusihuzunike. Nahau za lugha ya mama pia walizipata hivyo. Tumewaona wazee ambao kumbukumbu zimewatoka, hawajui tena siku wala majina ya wajukuu, lakini Sala ya Bwana ikianzishwa midomo yao hufuata hadi mwisho. Maneno waliyopewa utotoni, kabla hawajayaelewa, ndiyo yaliyobaki kuwashika baada ya ufahamu kupungua. Tuwawekee watoto wetu akiba hiyo mapema.

Ndugu wapendwa, Majilio haya tusiipime mioyo yetu kila jioni kama mtu achimbuaye mbegu kuona kama imeota. Tupime kitu kingine: je, sala ya jana imetutuma kwa nani leo? Kama imetutuma, na tumekwenda, hata kwa kusitasita, basi sifa zetu ni za kweli ingawa moyo ni mkavu, na mvua iko mikononi mwa mwenye shamba. Jioni ya Jumapili ya kwanza, taa ziwashwe katika kila nyumba ya mtaa wetu. Na Jumatatu ziwashwe tena.